Jinsi ya kujenga banda la darubini uani kwako huku kwetu karibu na ikweta

Hii naandika kwa wale wadau ambao darubini wanayo tayari, au wanaipigia mahesabu, na wameshaanza kuchoka na kile kibarua cha kila usiku: kilo 20 na ushee unazitoa sebuleni mpaka uani, unaweka, unapanga, unasubiri kioo kipoe, mawingu hayo yanaingia, unarudisha ndani na mgongo unauma. Watu wengi wanadhani hobi hii inakufa kwa sababu ya bei, kumbe inakufa kwa uvivu wa kubeba. Ukiwa na banda la kudumu unatoka na kikombe chako cha chai, unafungua kofuli, unasukuma paa, ndani ya dakika tano unaangalia pete za Zohali.

Tatizo ni kwamba maelekezo karibu yote yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu wa Uingereza na Marekani kwa ajili ya anga la kwao, wanakwambia elekeza maunti (kile kifaa kinachobeba na kuzungusha darubini) kwenye Nyota ya Kaskazini, sijui jikinge na theluji, nunua kuba ya faibaglasi. We uko Dar, Tanga, Dodoma au Mombasa, Nyota ya Kaskazini huioni iko chini ya upeo, theluji hamna, na hiyo kuba ukiiagiza mpaka itoke bandarini utakuwa umeshamaliza hela ya darubini yenyewe. Kwa hio twende na mambo ya kwetu. Mahesabu yangu nafanya kwa Dar (karibu digrii 7 kusini mwa ikweta), wa Nairobi digrii 1.3, Arusha 3.4, Mombasa 4, Mbeya karibu 9, mtabadilisha namba kidogo tu.

Kuba achana nayo. Ni nzuri kwa picha, ila kwa jua letu inageuka tanuri, ina kitundu kimoja tu cha kuchungulia, na ikikwama hamna fundi mtaani anayeijua. Jenga banda la tofali lenye paa la kusukuma. Yaani ukuta mfupi pande nne, paa jepesi la bati lina magurudumu, usiku unalisukuma lote linaenda pembeni unabaki na anga nzima juu yako. Na hapa ndipo tuna bahati, sababu kila mtaa una fundi wa kuchomelea ambaye ameshatengeneza mageti ya kusukuma mpaka amechoka. Usimwambie habari za nyota atakupandishia bei, mwambie nataka geti la kusukuma, ila limelala. Atakuelewa hapo hapo.

Kuchagua sehemu

Kama upo katikati ya mji wenye taa kibao banda bado lina maana kwa Mwezi, Mshtarii, Zohali, Mirihi na nyota pacha, hizo taa haziziharibii sana. Ila ukitaka Njia Nyeupe (ule mkanda wa nyota unaokatiza anga) na vile viwingu vya mbali, afadhali ukajenge kwenye kile kiwanja chako cha nje ya mji au nyumbani kwa wazee mkoani. Dodoma na Singida kiangazi kile cha kuanzia Mei mpaka Novemba ni anga la kutamanisha, hewa kavu, usiku mwingi ni safi. Pwani unyevu mwingi na chumvi, inawezekana ila chuma utakipaka rangi kila mara.

Angalia taa ya ulinzi ya jirani inamulika wapi. Ongea nae kabla hujajenga, mpelekee kofia ya bati ya kufunika ile taa imulike chini, ni rahisi kuliko kuinua ukuta. Na usijenge kaskazini wala kusini mwa mwembe mkubwa ukidhani utachungulia pembeni. Kwetu nyota zinachomoza karibu wima kabisa, zinapanda digrii 15 kwa saa, kwa hio kitu kilichofichwa na ukuta mashariki ukisubiri saa mbili kimeshapanda digrii 30 unakiona vizuri, lakini kitu kilichoko chini kaskazini au kusini kinazunguka hukohuko chini hakipandi zaidi. Mti ukiwa mashariki unasubirika, ukiwa kusini umeshakula sehemu ya anga moja kwa moja.

Hili ndilo linaloamua paa lisukumwe kwenda wapi. Kusini kwetu ndiko kwenye utajiri: Salibu (Msalaba wa Kusini) ikifika juu kabisa inakuwa kwenye digrii 37 hivi, Wingu Kubwa la Magellan (galaksi jirani inayoonekana kama kiwingu) digrii 28, lile Dogo digrii 24. Ukizuia kusini umejinyima vitu ambavyo mtu wa London hatakaa avione maisha yake yote akiwa kwao. Magharibi unaitaka kwa ajili ya Zuhura na Utaridi jua likizama, na zile nyota zenye mkia (kometi) nazo zinaweza kuonekana upande huo. Mashariki ingekubalika maana vitu vinapanda wenyewe, ila Zuhura na Utaridi za alfajiri utazikosa. Kaskazini chini ya digrii 20 kwetu hamna cha maana sana, galaksi ya Andromeda yenyewe inapita kwenye digrii 42 huko juu. Kwa hio mimi nasema paa liende kaskazini, mjadala umefungwa, labda kiwanja chako kikatae.

Kupata kaskazini ya kweli

Dira ya simu usiiamini hasa ukiwa karibu na nondo na mabati. Njia ya jua haidanganyi. Simamisha fimbo ya mita 1 wima kabisa (tumia timazi), asubuhi kwenye saa 3 weka alama pale ncha ya kivuli inapoishia, alafu chora duara kwa kamba, katikati fimbo, mzingo unapita kwenye hiyo alama. Mchana kivuli kitafupika kiingie ndani ya duara, jioni kwenye saa 9 kitarefuka kiguse duara tena upande wa pili, weka alama ya pili. Unganisha alama mbili kwa kamba: hiyo ni mashariki na magharibi, ikate kwa pembe mraba umepata kaskazini na kusini. Tumia siku ambayo jua halipo utosini, kwa Dar mwanzoni mwa Machi na kwenye Oktoba 10 hivi jua la saa sita linakuwa juu ya kichwa kivuli kinakuwa kama hakuna, utahangaika bure.

Wa pwani kuna njia fupi zaidi. Makka iko karibu longitudo ileile na sisi, kwa hio kibla ya Dar na Zanzibar ni kaskazini kabisa imepinda kama digrii 1 tu kwenda mashariki, Mombasa hata hiyo digrii moja haifiki. Tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana jua linakuwa juu ya Kaaba kabisa, saa yetu na ya Saudia ni moja hata huhitaji kubadilisha. Dakika hiyo kivuli cha fimbo yako kinaangalia kusini. Inajirudia katikati ya Julai, tarehe 15 au 16 saa 6 na dakika 27. Kwa kupanga kuta na reli hiyo inatosha na kubaki.

Nguzo ya katikati, hapa usibane hela

Kama nina shilingi moja ya ziada naiweka kwenye nguzo kabla ya kuifikiria lenzi mpya. Ukikuza mara 150, mtetemo wa mtu kuhamisha mguu unafanya Mshtarii irukeruke kama mahindi kwenye sufuria ya bisi. Kanuni ni moja: nguzo ya darubini isigusane na sakafu unayokanyaga, popote pale.

Chimba shimo 60 kwa 60, kina sentimita 80, kama udongo ni mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha nenda mita 1. Suka nondo za milimita 12 nne na ringi zake zitokeze mpaka juu. Mwaga zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ya kitako, alafu juu yake simamisha kipande cha bomba la PVC la inchi 8 kama fomu, pima wima kwa pima maji pande zote, jaza zege huku unagonga gonga lisibaki na mapovu. Kwa nguzo ya sentimita 80 juu ya kitako mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 inatosha, mzigo mzima unafika kama kilo 750, hiyo haitetemeki kwa mtoto kukimbia. Bomba liache humohumo linakuwa plasta yako.

Kabla zege haijakauka zamisha bolti za M12 zilizopinda mguu, tatu au nne, zikiwa zimeshikwa kwenye kibao ulichotoboa kwa vipimo vya sahani ya maunti yako. Usikadirie kwa macho. Bolti zikikaa vibaya kwenye zege utakata kwa grainda na kutoboa upya, na mafundi wetu mnawajua, atakwambia "hii bosi itaingia tu tukigonga". Mwagilia maji siku 7, mzigo mzito weka baada ya siku 28.

Ukija kumwaga sakafu acha pengo la sentimita 2 au 3 kuizunguka nguzo, weka yale maboya meupe mepesi yanayokuja ndani ya katoni za TV, usiruhusu fundi alizibe kwa zege "ili ipendeze". Simama pale wakati anamwaga. Na kabla ya kumwaga laza bomba mbili za waya chini ya sakafu kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo, moja ya umeme moja ya kebo za data, hata kama saivi hazina kazi.

Mwenye Dobson (darubini ya kioo inayokaa kwenye boksi la chini na kuzungushwa kwa mkono) huyo mambo yake mepesi, nguzo ndefu haitaki. Mwagia kitako kilekile ila kiishie juu kidogo ya usawa wa sakafu, kipana mita 1 kwa 1 hivi, kimetengwa na sakafu vilevile, Dobson inakaa juu yake. Kwa anayeanza Dobson ya inchi 8 ndio napendekeza siku zote, fokasi mita 1.2, aipisi (ile lenzi ndogo ya kuchungulia) ya milimita 25 inakupa kukuza mara 48 na ya milimita 10 mara 120, haina injini wala kompyuta ya kuharibika. Kasoro yake moja kwa huku kwetu: ikielekezwa utosini kabisa inakuwa ngumu kufuatilia, inabidi uizungushe mno kwa kitu kusogea kidogo, na sisi vitu vizuri vingi vinapita utosini. Dawa ni kuviangalia saa moja kabla au saa moja baada.

Kuta

Fundi atataka kupandisha mpaka mita 2.4 kwa sababu ndio nyumba anazozijua. Mkatalie. Mita 1.4 mashariki, magharibi na kaskazini, kusini mita 1.2. Hesabu yake ni hii: pale darubini inapozungukia pako juu mita 0.9, ukuta wa 1.4 ukiwa umbali wa mita 1.4 unakuzuia digrii kama 20, ukuta wa 1.2 unakuzuia digrii 12 tu. Hilo pengo la sentimita 20 la kusini lizibe kwa mbao yenye bawaba, usiku unaiangusha nje mchana unaipandisha unafunga na komeo kwa ndani. Mwenye Dobson mahesabu afanye upya, Dobson inazungukia chini zaidi kwa hio ainue kile kitako au ashushe kuta.

Ukubwa: mashariki magharibi mita 2.5, kaskazini kusini urefu wa nje mita 2.8. Hiyo 2.8 ina sababu, engo na bomba za chuma zinauzwa futi 20 yaani karibu mita 6, kwa hio fimbo moja inakutosha reli ya upande mmoja, nusu juu ya ukuta nusu inatoka nje, bila kiungo katikati. Kiungo cha reli ndio pale gurudumu litakapogonga kila siku mpaka lipinde.

Mlango weka ubavuni, mfupi, utaingia umeinama ndio hivyo. Tofali za inchi 5 zinatosha, chini weka karatasi ya kuzuia unyevu, na mwaga dawa ya mchwa kwenye msingi kabla ya jamvi. Hili la mchwa msilichukulie poa, mbao yoyote itakayogusa ardhi paka oili chafu, la sivyo mwaka ujao unashika fremu inabaki unga mkononi.

Paa na reli

Reli ni engo ya milimita 40 imegeuzwa mgongo juu, imechomelewa kwenye sahani zilizofungwa ukutani kwa bolti. Magurudumu ni yaleyale ya geti yenye mfereji katikati, matatu kila upande, chagua yenye bearingi sio ya bush, weka grisi. Huko nje kaskazini reli zinashikiliwa na bomba mbili mbili zilizozikwa kwenye zege na zimeunganishwa kwa bomba la mlalo zisitanuke. Jambo la muhimu kuliko yote: reli mbili ziwe sambamba na usawa mmoja mwanzo mpaka mwisho. Pima upana kati yao sehemu tano sita kabla hajachomelea jumla, ikipishana zaidi ya milimita 3 mrudishe. Usawa upime kwa ile paipu ya maji ya mafundi.

Fremu ya paa iwe ya skweya paipu ya inchi moja na nusu, nyembamba, bati za geji 30. Msiliongezee uzito, mtu mmoja inabidi alisukume kwa mkono mmoja. Mteremko wa upande mmoja, upande wa chini uwe KUSINI na wa juu uwe kaskazini. Hapa wengi wanachanganya. Paa likishatoka nje, ule upande wa chini ndio unabaki karibu na wewe na ule wa juu uko mbali mita nne na kitu, kwa hio linakuzuia digrii ishirini na kitu tu za kaskazini. Ukigeuza, ule ubao mrefu unakuwa usoni kwako. Bati lizidi ukuta sentimita 15 kila upande na liwe na sketi inayoshuka nje ya ukuta, mvua zetu za masika hazinyeshi wima zinakuja na upepo pembeni.

Upepo sasa. Paa jepesi lenye magurudumu ni bawa, likipata upepo kwa chini linaruka. Weka ndoano za chuma nne zinazopita chini ya reli ili hata likiinuliwa lisitoke, alafu kwa ndani pembe nne kamba za chuma zenye skrubu ya kukazia. Mwisho wa reli weka vizuizi vilivyochomelewa, pande zote. Paka bati rangi nyeupe juu, kwa chini bandika lile foili la kuzuia joto, sio kwa ajili yako ni kwa ajili ya matone, maana alfajiri bati likipoa umande unakusanyika kwa ndani na kudondoka moja kwa moja kwenye darubini.

Jiwekee alama nyekundu ukutani inayoonyesha darubini ikiwa imelazwa inatakiwa iwe chini ya wapi. Paa halina macho, usiku una usingizi, ukisukuma huku darubini imesimama utalia.

Maunti ya ekwatoria na ncha ya kusini

Mwenye Dobson ruka hapa. Wa kupiga picha sikilizeni, hii ndio sehemu maelekezo ya ulaya yanawapoteza watu.

Maunti ya ekwatoria inataka mhimili wake uangalie ncha ya anga (pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka), na ncha hiyo inakuwa juu ya upeo kwa digrii sawa na latitudo yako. Dar ni digrii 7, imelala karibu kabisa. Maunti nyingi za bei ya kawaida zimetengenezwa kwa watu wa digrii 30 mpaka 60, zikishushwa sana zinagota, na ule uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa tripodi. Kabla hujalipa muulize muuzaji inashuka mpaka digrii ngapi. Ikiwa inaishia 15, fundi wako wa geti akukatie sahani ya chuma iliyoinama digrii 10 ikae juu ya nguzo, ukiseti maunti kwenye 17 mhimili wenyewe unakuwa kwenye 7. Na kwa kuwa nguzo ni nyembamba haina miguu, uzito unazunguka bila kugonga kitu.

Ncha ya kusini haina nyota kali. Kuna Sigma Octantis lakini ni hafifu sana na kwa urefu wa digrii 7 imezama kwenye vumbi na taa za mji, sahau. Tumia kuhama kwa nyota. Chagua nyota iliyo juu karibu na utosi kwenye mstari wa kaskazini kusini, iweke katikati ya aipisi yenye msalaba au kwenye kamera, acha injini ifuatilie, angalia dakika tano. Ikihama kwenda kaskazini au kusini, sogeza maunti kidogo kushoto au kulia. Kuhama kukizidi ulikosea upande, rudisha upande mwingine. Kusogea kwa mashariki magharibi usikujali. Ikitulia, chukua nyota ya mashariki iliyoko kwenye digrii 25 hivi, rudia, ila sasa unarekebisha juu na chini. Kisha rudi ya kwanza uhakikishe. Inachosha ila kwa kuwa maunti imefungwa kwenye zege ukishaipata umeipata, kaza bolti usiguse tena.

Umeme na unyevu

Umeme ukikatika katikati ya picha utaumia, na ukirudi na mshindo unaunguza bodi ya maunti, kwa hio mi naona bora kila kitu kitembee kwa volti 12 kutoka kwenye betri. Betri ya sola ya 100Ah ukitumia nusu yake tu ili isife mapema una 50Ah, vifaa vikila ampea 4 kwa pamoja ni zaidi ya saa 12, usiku mzima. Paneli yake usiweke juu ya paa linalotembea, weka kwenye paa la nyumba. Taa ya ndani iwe nyekundu na hafifu, macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza na mwanga wa simu unakurudisha sifuri kwa sekunde moja.

Unyevu ndio muuaji wa lenzi pwani. Ukungu ukishaota ndani ya lenzi unakula ile rangi ya juu na hautoki. Aipisi zitunze kwenye boksi la plastiki linalofunga kabisa lenye silika jeli, ile inayobadilika rangi, ikishiba unaikausha kwenye oveni. Darubini yenyewe fanya kinyume, usiifunge kwenye nailoni, ifunike kwa kitambaa kinachopumua na banda liwe na matundu ya hewa pande mbili yenye wavu mdogo. Wavu ni lazima. Nyigu wanapenda mno kujenga kwenye mdomo wa darubini, na mjusi akijisaidia kwenye kioo kinyesi kile kinaunguza. Kioo kikiwa na vumbi kiache, vumbi kidogo haliharibu kitu, kinachoharibu ni kufuta kwa fulana. Kikichafuka kweli kioshe kwa maji ya kumiminika na tone la sabuni ya vyombo, suuza kwa maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya betri yasiyo na asidi, kiegemeze kikauke chenyewe.

Jua

Paa likiwa wazi mchana darubini iwe na vifuniko, ile kubwa na ile ndogo ya kulengea pia. Jua likiingia kwa sekunde chache linaweza kuchoma plastiki, na jicho halirudi. Ukitaka kuangalia madoa ya jua nunua filta ya kufunga MBELE ya darubini, vile vifilta vya kuzungushia kwenye aipisi vitupe, vinapasuka kwa joto. Hata kule kupatwa kwa jua kwa pete kulikopita Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, jua limezibwa karibu lote, ule mduara uliobaki ulikuwa bado ni wa kupofusha. Watoto wakija bandani mchana simama na darubini wewe.

Usiku wa kwanza

Fungua paa jua likizama tu, usisubiri giza, joto litoke na kioo kipoe, saa moja hivi. Panga vioo viwe kwenye mstari kwa kuangalia nyota kali ukiwa umeitoa kidogo kwenye fokasi, ule mduara uwe na shimo katikati kabisa, ukiwa umeegemea upande zungusha skrubu za kioo cha chini taratibu.

Cha kuangalia kinategemea mwezi gani. Desemba mpaka Machi una nebula ya Orion utosini, Kilimia kaskazini, Suheli na Wingu la Magellan kusini. Aprili mpaka Juni tafuta Omega Centauri, kile kifungu chenye nyota kama milioni 10, kwenye inchi 8 kinajaa aipisi nzima, wageni wakikiona wanabaki kuuliza kama ni picha. Juni mpaka Septemba katikati ya Njia Nyeupe inapita kwenye digrii 68, yaani karibu utosini, kule London sehemu hiyohiyo inaishia digrii 9 tu juu ya upeo kwenye moshi. Hiyo ndio miezi mikavu pia, kwa hio kama unajenga piga hesabu paa liwe linatembea kabla ya Juni. Mawingu ya masika yatumie kukaza bolti, kupaka grisi na kuangalia bati linavujia wapi, mwaga ndoo ya maji juu ya kila kiungo wakati darubini bado iko ndani ya nyumba, ndio uihamishie bandani.